Makato ya SHA yamebadilika: je, kampuni ifute bima yake ya matibabu?

Swali tunaloulizwa mara nyingi na wateja wetu wenye wafanyakazi kumi, ishirini au hamsini ni hili: ikiwa kila mfanyakazi nchini Kenya sasa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kwa ajili ya SHA, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia bima ya afya, kuna haja gani ya kampuni kuendelea kuwalipia wafanyakazi wake bima ya matibabu ya kikundi? Swali hilo ni la haki, kwa sababu biashara ndogo haina fedha za kulipia kitu kimoja mara mbili. Sisi tunaamini kwamba si kitu kimoja, na kwamba mwajiri anayefuta bima kabla ya kupiga hesabu huwaweka wafanyakazi wake katika hatari wasiyoistahili.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliifuta NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, na makato mapya yakaanza rasmi tarehe 1 Oktoba 2024 baada ya mvutano mrefu mahakamani. Tofauti na NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni) au ushuru wa nyumba, ambako mwajiri huchangia kiasi sawa na cha mfanyakazi, mchango wa SHA hutoka wote mfukoni mwa mfanyakazi. Wajibu wa mwajiri ni kuukata na kuuwasilisha kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kwa hiyo anayesema kwamba kampuni yake "tayari inalipa SHA" anahesabu fedha za watu wengine kana kwamba ni zake.

Ni kweli kwamba mzigo umebadilika, ingawa haukubadilika kwa namna ambayo wengi hudhani. Chini ya NHIF, aliyepokea shilingi 30,000 alikatwa 900. Sasa anakatwa 825. Aliyepokea 50,000 alikatwa 1,200, na sasa anakatwa 1,375. Maumivu yako kwa wenye mishahara ya juu zaidi, kwa kuwa NHIF ilikuwa na ukomo wa 1,700 na SHA haina ukomo wowote: mwenye 100,000 hutoa 2,750, na mwenye 200,000 hutoa 5,500. Lakini tangu mwisho wa Desemba 2024 mchango huu huondolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, kukokotolewa, jambo ambalo baadhi ya orodha za mishahara tunazoletewa bado hazijalizingatia. Kwa mfanyakazi huyo wa 100,000, aliye katika ngazi ya kodi ya asilimia 30, nafuu hiyo ni shilingi 825, hivyo gharama yake halisi ni 1,925. Tunawasihi waajiri wahakikishe kwamba programu yao ya mishahara inafanya hesabu hiyo, kwa maana kosa hapo humnyima mfanyakazi haki yake kila mwezi bila yeye kujua.

Wapo pia wanaotaka kufuta bima na badala yake kumwongezea kila mtu posho ya matibabu. Nia yao ni njema, lakini posho ya fedha taslimu huingia katika mshahara wa jumla, na papo hapo hutozwa PAYE, hukatwa asilimia 2.75 ya SHA, kisha hukatwa asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, ambayo mwajiri naye hulazimika kuilipa kwa kiwango hicho hicho. Bima ya matibabu ambayo mwajiri humlipia mfanyakazi wake wa kudumu haihesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi huyo. Shilingi ile ile hufika mbali zaidi ikipitia bima.

Sehemu inayohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote ni jinsi bima hizi mbili zinavyokutana pale hospitalini. SHA hulipa kwa viwango vilivyopangwa: kwa mfano, shilingi 10,000 kwa uzazi wa kawaida na 30,000 kwa uzazi wa upasuaji. Katika hospitali nyingi binafsi za Nairobi, upasuaji huo hugharimu mara kadhaa ya kiasi hicho, na tofauti ndiyo inayobebwa na bima ya kampuni. Hata hivyo, mikataba mingi ya bima ya kikundi imeandikwa kwa matarajio kwamba sehemu ya SHA italipwa kwanza. Ikiwa mfanyakazi hajasajiliwa, au hajamwandikisha mwenzi wake na watoto, au ikiwa hospitali aliyokwenda haina mkataba na SHA, sehemu hiyo inaweza kumwangukia yeye mwenyewe siku ya kutoka wodini, ilhali amekuwa akikatwa kila mwezi. Ni uchungu usio wa lazima hata kidogo. Kabla ya kuhuisha bima, mwulize wakala wako kifungu hicho kinasemaje, na uombe jibu kwa maandishi. Kisha tenga nusu siku kazini ili kila mfanyakazi athibitishe usajili wake na wa wategemezi wake.

Ukiamua kupunguza mafao baada ya yote haya, usifanye hivyo kwa tangazo ubaoni. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi kabla ya kubadilisha masharti ya mkataba wake na kumjulisha mabadiliko hayo kwa maandishi. Bima iliyotajwa katika barua ya ajira ni sehemu ya masharti hayo. Aidha, SHA haiondoi wajibu wa mwajiri wa kuwa na bima ya majeraha ya kazini chini ya sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 2007.

Kwa anayeacha kazi, mweleze mapema kwamba makato hukoma pamoja na mshahara. Asiye na ajira rasmi hulipa mchango wake kwa mwaka mzima, kwa kutegemea tathmini ya kipato cha kaya yake, na kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi. Sisi huiweka taarifa hiyo katika barua ya kuagana tunayowaandalia wateja wetu, pamoja na tarehe ambayo bima ya kampuni itafikia kikomo, ili familia isije ikaigundua mapokezini.