Mwambie mzee kiingilio ni bure kweli

Da Rehema, shikamoo.

Voisi yako nimeisikiliza jana usiku nikiwa kwenye basi natoka kazini, nikacheka mpaka jirani akanigeukia, eti mzee anauliza wiki tatu huku London atakaa anaangalia ukuta au kuna kitu cha kumuonyesha. Mwambie kipo. Na mwambie hakina kiingilio, maana najua swali la pili ni hilo.

Ntawapeleka Oxford. Basi tunalipanda hapa hapa Victoria, kama hamna foleni ndani ya masaa mawili mmefika, afu tunatembea mdogo mdogo. Chuo kikuu cha pale kina makumbusho yake, mawili yamepakana, na yote unaingia bure, hakuna cha bei ya mwenyeji na bei ya mgeni kama pale kwetu Posta. Kuna kisanduku cha mchango tu, mwenye nacho anatumbukiza. Bimkubwa najua hataamini mpaka tutoke nje bila mlinzi kutuita.

La mbele ni la viumbe, jengo la 1860, paa lake kioo, mifupa imesimama katikati. Pale kuna kichwa na mguu wa dodo, yule ndege wa Mauritius asiyeruka aliyekwisha zamani, na mwaka 2018 walipopiga skani fuvu lake wakakuta vipande vya risasi, kumbe maskini alipigwa kisogoni, na miaka yote watu wakiamini alijifia tu. Kuna na taya la Megalosaurus, ndo dinosaria wa kwanza kupewa jina la kisayansi, 1824. Hapo mzee ataanza na mijusi yake ya Tendaguru, kwamba Wajerumani waliibeba Lindi kwao na babu zake wakawa wapagazi. Mwacheni aongee, ila ajue ile iko Berlin, asiisumbue Oxford ya watu.

Sasa lile la nyuma, Pitt Rivers, ndo nalolitaka mimi. Unapita ndani ya lile la kwanza mpaka mwisho, unashuka ngazi kidogo, giza giza hivi, makabati yamebanana utadhani duka la Kariakoo kabla ya krismasi. Hawajapanga kwa nchi, wamepanga kwa kazi ya kitu: kufuli na kufuli, ngoma na ngoma, mtumbwi na mtumbwi, wa Zanzibar na wa Japani wanakutana humo. Vilebo vingine vimeandikwa kwa mkono, herufi kama mchanga, kwahiyo mzee asisahau miwani. Nikafika kwenye michezo, nikakuta mabao. Bao kabisa, dada, nyuma ya kioo, kimya. Nikamkumbuka mzee kijiweni na zile komwe zake, anavyokamua mpaka mwenzake anaomba maji, nikasimama hapo muda mrefu bila sababu ya maana.

Siyo kila kitu mle kinafurahisha lakini. Wamasai wa kwetu na wa Kenya walishaenda wenyewe, wakatambua vitu vitano ambavyo kwa mila zao haviuzwi wala haviachwi kwa mtu baki, na mazungumzo yamechukua miaka. Bimkubwa atauliza vilifikaje huku, we unamjua. Mi sitamdanganya.

Ila siyo Jumatatu asubuhi! Lile la nyuma Jumatatu linafungua saa sita mchana, siku zingine saa nne, yote yanafunga saa kumi na moja. Mimi mara ya kwanza nilienda Jumatatu kwa kiherehere bila kuangalia, nikabaki na dodo masaa mawili. Nafikiri Jumatano, chapati tubebe zetu, tukae kwenye majani pale mbele ambapo wameweka nakala za nyayo za dinosaria.

Nitumie saizi ya mguu ya bimkubwa leo leo, nimnunulie raba huku. Asije na zile kandambili.

Mdogo wako,
Side