Barua ya Wazi kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo: Wanafunzi wa Kirusi Waandaliwe Masikio Kabla ya Tiketi

Kwako Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma),

Profesa, pokea salamu na heshima zangu.

Kila mwaka, miezi michache kabla ya Juni, chuo huwaandikia barua wanafunzi waliochaguliwa kwenda kusoma Kirusi nje ya nchi katika kiangazi cha huko. Barua inaeleza pasipoti, bima, chanjo na siku ya safari. Kisha wanaitwa kwenye kikao cha nusu siku, wanagawiwa makabrasha, wanapiga picha ya pamoja, basi. Mimi ni mmoja wa wanaowafundisha kabla hawajaondoka na wanaowapokea wakirudi. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa kuwa maombi yetu ya ndani hurudi na swali lile lile: maandalizi gani tena, na hao wanakwenda kujifunza?

Tuanze na hesabu. Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha za kigeni hukadiria kwamba Kirusi kinahitaji saa 1,100 hivi za darasani hadi mtu aweze kufanyia kazi. Kozi ya wiki nane, saa 20 kwa wiki, inampa mwanafunzi saa 160. Kwa saa hizo peke yake nauli haijilipi. Faida ya safari iko nje ya darasa: kwa mama mwenye nyumba anayeuliza utakula saa ngapi, kwa dereva wa marshrutka, yaani daladala ya huko, kwa karani wa benki asiyerudia sentensi. Watu hao hawamfundishi anayeanza. Wanazungumza, na anayesikia ndiye anayefaidika. Asiyesikia hutafuta wenzake waliotoka naye, wakae mkahawani wazungumze lugha waliyoizoea, na wiki nane zinakwisha hivyo.

Kwa hiyo maandalizi ninayoyadai ni ya masikio kwanza. Wanafunzi wetu wanaozungumza Kiswahili wana jambo moja linalowasaidia: aliyelelewa na ngeli hashangai kivumishi kikibadilika kuifuata nomino. Jinsia tatu za Kirusi ni chache mno kwake! Lakini Kiswahili kimewazoesha pia mkazo unaokaa silabi ya pili kutoka mwisho, na irabu tano zisizogeuka. Mkazo wa Kirusi unahamahama, hauonyeshwi katika maandishi ya kawaida, na irabu isiyo na mkazo hufifia. Maziwa huandikwa "moloko" lakini husikika karibu na "malako". Mwanafunzi aliyejifunza maneno elfu moja kwa macho huenda asiyatambue hata nusu yake yakitamkwa haraka na muuzaji.

Tarakimu ni mtihani mwingine. Nomino ya Kirusi ina hali sita, na mwisho wake hubadilika kulingana na kazi yake katika sentensi. Zaidi ya hapo, baada ya mbili, tatu na nne inachukua umbo moja, na kuanzia tano inachukua jingine. Mtu aliyepata alama za juu katika sarufi hiyo kwenye karatasi anaweza kusimama sokoni asijue ameambiwa alipe kiasi gani. Ongeza vitenzi vya mwendo, vinavyotenganisha kwenda kwa miguu na kwenda kwa chombo, safari ya upande mmoja na mwendo wa mazoea. Ongeza hati ya mkono, ambayo walimu wa huko huitumia ubaoni bila kuomba radhi: herufi inayochapwa kama T ya Kilatini, kwa mkono huandikwa mfano wa m. Haya yote yanafundishika mapema, kwa wiki nyingi za kusikiliza sauti halisi, kuandika imla, na kupiga simu kwa wasemaji wa Kirusi kupitia intaneti, tena simu za shughuli: kuuliza dawa, kulalamikia chumba, kuahirisha miadi. Hayawezi kuingia katika kikao cha nusu siku.

Suala la pili ni mahali. Baada ya Urusi kuivamia Ukraine Februari 2022, programu nyingi za vyuo vya Marekani na Ulaya zilizokuwa zikienda Moscow na St. Petersburg zilihamia kwingine: Almaty huko Kazakhstan, Bishkek huko Kirgizia, Tbilisi huko Georgia, miji ya nchi za Baltiki. Chuo chetu huchagua kwa kulinganisha bei, kisha hutoa kabrasha lile lile kwa kila mji, kana kwamba Kirusi ni kimoja mitaani kote. Bishkek kinasikika kila kona, na katiba ya Kirgizia inakitambua kuwa lugha rasmi kando ya Kikirgizi. Almaty nako mwanafunzi atakitumia kutwa nzima, ingawa adabu inamtaka ajue angalau kushukuru kwa Kikazaki. Tbilisi ni habari nyingine. Mabango ni ya Kijojia, vijana wengi huona afadhali Kiingereza, na vita vya Agosti 2008 kati ya Urusi na Georgia bado ni kidonda. Anayemwendea mtu asiyemjua na kuanza moja kwa moja kwa Kirusi anaweza kununiwa, naye asijue kosa lake. Simaanishi wasiende Tbilisi. Naomba waende wakijua, na waanze kwa salamu ya Kijojia.

Wanaokwenda Urusi yenyewe wanahitaji zaidi ya hapo. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya nchi hazifanyi kazi huko tangu Machi 2022, na tangu mwezi huo huo Facebook na Instagram zimefungwa. Sheria iliyopitishwa wakati huo inaadhibu "kulidhalilisha" jeshi, kwa hiyo mwanafunzi aelewe kwamba hata anachoandika katika ukurasa wake kinaweza kumgharimu. Mgeni anatakiwa asajiliwe makazi, na polisi wanaweza kudai hati barabarani. Mazungumzo hayo na polisi yafanyiwe mazoezi kwa Kirusi, kwa utulivu, mpaka yamtoke mtu bila kufikiri. Dawa pia. Brittney Griner, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, alikamatwa uwanja wa ndege wa Sheremetyevo Februari 2022 akiwa na mafuta ya bangi aliyoandikiwa na daktari kwao, na Agosti mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka tisa kabla ya kubadilishwa na mfungwa mwingine Desemba. Nani katika kikao chetu huwauliza wanafunzi wana dawa gani mkobani?

Mambo ya nyumbani kwa mwenyeji nayapita haraka, yanafundishika kwa siku moja: kuvua viatu mlangoni, kumwita mwalimu kwa jina lake na jina litokanalo na la baba yake, kutotumia "wewe" ya umoja badala ya "ninyi" ya heshima kwa mtu mzima usiyemjua, kutopeleka maua ya idadi shufwa, maana hayo ni ya msibani.

Najua utauliza fedha zitoke wapi. Mapendekezo yangu hayahitaji jengo wala mwalimu mpya. Muhula unaotangulia safari uwe na kozi ya maandalizi yenye alama zinazohesabika katika shahada, iwe sharti la kusafiri, na mtihani wake uwe wa kusikiliza na kuzungumza. Asiyefaulu asubiri mwaka mwingine. Ni heri kiti kibaki wazi kuliko kukilipia bure. Sehemu ya bajeti inayokwenda kwenye makabrasha, fulana na sherehe ya kuaga ilipie saa za mazungumzo na wasemaji wa Kirusi. Na wakirudi, wapangiwe darasa linaloendelea pale walipofika. Sasa hivi aliyetoka Bishkek akizungumza vizuri anarudishwa kuketi na waliobaki kwenye kitabu, na kufikia Desemba ulimi umeshakuwa mzito tena.

Maombi ya kundi lijalo hayajafunguliwa. Naomba kozi hii iingie kwenye ajenda ya kikao kijacho cha Seneti kabla tangazo halijatoka, na niko tayari kuja na muhtasari wake pamoja na wanafunzi wawili watatu waliorudi, uwasikilize mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa Kirusi