Desibeli 55 za nini?

Mhariri,

Tunakaa Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa, dari ya boriti. Jirani yetu ni nyumba ya wageni inayopiga muziki juu ya paa. Ikishapita saa nne usiku, vikombe vya kahawa kabatini kwa mama huanza kugongana vyenyewe. (Vumbi la chokaa silitii hesabuni, hilo hudondoka hata kwa masika.)

Tulilalamika. Akaja kijana na kipima sauti, akasimama barazani kama dakika mbili, akaandika ukali wa sauti: desibeli 55. Tukaambiwa hakuna tatizo.

Desibeli 55 za nini? Kipima sauti kina mizani zaidi ya moja. Mizani ya A inaiga sikio la binadamu, ambalo halizipati vizuri sauti nzito, kwa hivyo hupunguza besi makusudi. Kwenye hezi 63 (mitetemo 63 kwa sekunde), pale ngoma ya disko inapodunda, hukata desibeli 26 nzima. Besi ya 80 itasomeka 54! Mizani ya C, kwa mdundo ule ule, haikati hata desibeli moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilisema C ikiipita A kwa zaidi ya desibeli 10, sauti ichambuliwe masafa kwa masafa, yaani nzito mbali na nyembamba mbali. Mwongozo huo huo unataka wastani wa usiku chumbani usizidi desibeli 30. Wastani wa usiku, si wa dakika mbili za barazani, na kijana hakuandika kama 55 yake ni wastani au ni kilele.

Wala desibeli hazijumlishwi kama karafuu kwenye pishi. Zikiongezeka tatu tu, nguvu ya sauti imeshakuwa maradufu.

Na vikombe? Kutikisika kwa ukuta hakupimwi kwa chombo kilichoshikwa mkononi. Hupimwa kwa kihisi kilichogandishwa ukutani, na jibu lake huwa milimita kwa sekunde. Hilo halikufanywa, na hatukuambiwa kwamba halikufanywa.

Nawaomba wahusika waandike kila kitu: A au C, wastani au kilele, dakika ngapi, saa ngapi, chombo kilisimama wapi. Na safari nyingine kijana asiishie barazani. Apande ghorofani, chumbani kwa mama, kitanda kilipo.

Mkaazi wa Mji Mkongwe,
Unguja