Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Mtoto Asifundishwe Kukisia Maneno

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza, na katika mapitio ya mtaala yanayoendelea chini ya wizara yako nina ombi moja: ule ushauri wa kumtaka mtoto aliyekwama kwenye neno atazame picha, aangalie herufi ya kwanza, kisha akisie neno linalofaa, uondolewe katika mwongozo wa mwalimu.

Walioutunga hawakuwa na nia mbaya. Mimi mwenyewe niliufuata kwa miaka kadhaa, kwa kuwa darasa huchangamka na mtoto hujiona amesoma. Lakini tuchukue ukurasa wenye picha ya mto, na chini yake pameandikwa "maji". Mtoto akisema "mto", picha inamuunga mkono, herufi ya kwanza haimkatalii, na maana haiharibiki sana. Ametimiza yote aliyoelekezwa, ila neno lililoandikwa hajalisoma. Siku atakapofungua kitabu cha sayansi chenye aya ndefu zisizo na picha na maneno asiyowahi kuyasikia, atashika nini? Tafiti za mwanasaikolojia Keith Stanovich na wenzake zilionyesha kwamba wanaoegemea zaidi muktadha ili kutambua maneno ni wasomaji dhaifu, ilhali msomaji hodari hulitambua neno kwa herufi zake, upesi kiasi kwamba hahitaji kukisia. Tulikuwa tukiwafundisha watoto, kwa moyo mkunjufu kabisa, mbinu za wale walioshindwa kusoma.

Jopo la kitaifa lililoundwa nchini Marekani kuchunguza mbinu za kufundisha kusoma lilitoa ripoti yake mwaka 2000, na likaona kwamba kufundisha uhusiano wa herufi na sauti waziwazi, kwa mpangilio maalumu, kunaleta matokeo bora kuliko kuufundisha kwa kudokoadokoa au kutoufundisha kabisa. Faida hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto wanaoanza, na ndogo kwa waliokwisha kuchelewa. Uingereza ilielekea huko baada ya ripoti ya Jim Rose kuhusu ufundishaji wa kusoma, ya mwaka 2006, na tangu 2012 watoto wa huko wa miaka mitano hadi sita hupimwa mmoja mmoja kwa kusoma maneno 40, nusu yake yakiwa ya kubuni, yasiyo na maana yoyote. Wapo waliocheka. Mimi naona ndipo penye busara yake, kwa sababu neno lisilo na maana halikisiki.

Najua hoja itakayoletwa mezani pako, kwamba tutazalisha kasuku wanaotamka bila kuelewa. Hoja hiyo ina uzito. Watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza mwaka 1986 kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la kuzidisha vitu viwili, kutambua maneno na kuielewa lugha, na kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Kwa hiyo mwalimu aendelee kuwasomea watoto hadithi kila siku, awaongezee msamiati na kuwahoji kuhusu walichosikia. Hayo yote hayamlazimishi mtoto kubahatisha. Na pale tahajia inapofuata sauti, kama ilivyo katika Kiswahili au Kifini, sababu ya kukisia ni ndogo zaidi, kwani mtoto aliyezijua sauti na silabi anaweza kulifikia karibu kila neno kwa nguvu zake mwenyewe.

Ushauri huo ukiondolewa, mahali pake pawekwe maelekezo ya kumrudisha mtoto kwenye herufi, azitamke sauti kutoka mwanzo hadi mwisho wa neno na kuziunganisha, ndipo atazame picha ili kuhakikisha maana. Upimaji wa mwisho wa mwaka nao uwe na maneno machache ya kubuni, na kila mtoto asikilizwe peke yake, kwa maana anaposoma kwa pamoja na darasa zima hatuwezi kujua nani anasoma na nani anafuatisha.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa darasa la kwanza