Mtepe uanze na kamba

Mhariri,

Kila linapotajwa wazo la wanakijiji wa pwani kuunda upya mtepe, chombo cha kale cha baharini, mjadala huanzia kwenye bei ya mbao. Tunashauri uanzie kwenye kamba. Mtepe hushonwa, haupigwi misumari, na makumbi ya nazi ya kutengenezea kamba lazima yafukiwe kwenye matope ya pwani kwa miezi kadhaa kabla ya kupondwa na kusokotwa. Hii ndiyo kazi inayofaa mikono mingi. Nailoni ya dukani isikubaliwe hata kama inatolewa bure: hurefuka ikivutwa, mshono ukalegea.

Mbao hushonwa kwanza, ukingo kwa ukingo kuanzia mkukuni, yaani kwenye uti wa chini wa chombo. Mataruma, yaani mbavu za chombo, hufungwa baadaye. Matundu hutobolewa kwa keke, kifaa cha kutobolea mbao. Yakikaribia mno ukingo, ubao hupasuka wakati wa kukaza. Kila tundu lizibwe kwa kijiti kamba ikiwa bado imekazwa, la sivyo kamba hurudi nyuma na maji hupenya. Vigingi vya mti kati ya mbao visisahauliwe, maana ndivyo vinavyozuia ubao kuteleza juu ya mwenzake.

Mtepe wa mfano uliowekwa Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la Zanzibar, ulikuwa wa maonyesho. Wa kuelea ni gharama nyingine: kupaka sifa (mafuta ya papa), kukumba maji kila siku, na kushona upya kamba zikioza. Wafadhili huchangia uzinduzi kwa furaha. Fedha za kamba ya pili zitengwe mapema.

Wasomaji wako,
Lamu