Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nazungumzia masomo ya mwaka, yaliyohusu kazi ya Daktari Robert Chanock wa Marekani, aliyefariki mwaka 2010.

Virusi vya RSV, vinavyoshambulia njia ya hewa, hasa ya watoto wachanga, vilionekana kwanza kwa sokwe wenye mafua mwaka 1956. Muda mfupi baadaye Chanock na wenzake wakavipata kwa watoto wa Baltimore. Ndipo walipotengeneza chanjo kwa kuviua virusi kwa formalini, kemikali ya kuua vijidudu. Jijini Washington walichanjwa watoto 31. 20 wakaja kuambukizwa RSV, 16 kati yao wakalazwa, wawili wakafariki. Inauma kuyasoma, lakini kila mtoa chanjo ayajue.

Kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na vijidudu, zilikuwepo kwa wingi kwa watoto hao, ila hazikuzuia virusi. Protini F iliyo juu ya kirusi, anayoitumia kuingia kwenye seli, hubadilika umbo kwa urahisi, na chanjo ile ilibeba umbo lililokwisha kugeuka. Mwaka 2013 watafiti wa taasisi ileile aliyoitumikia Chanock walifaulu kulishikilia umbo la awali lisigeuke. Hapo ndipo ilipotoka chanjo ya wajawazito iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023.

Tukipewa chanjo hiyo: dozi ni moja, mililita 0.5, msulini. Shirika la Afya Duniani linaelekeza itolewe kuanzia wiki ya 28 ya ujauzito. Mama akijifungua kabla ya siku 14 kupita tangu achanjwe, kingamwili zinakuwa hazijavuka vya kutosha kwenye kondo, kwa hiyo tarehe ya hedhi ya mwisho iulizwe kwa makini. Unga wa chanjo ukae nyuzi 2 hadi 8, usigande. Ukishachanganywa, zungusha kichupa polepole bila kukitikisa, utumie ndani ya saa nne.

Wa maabara: RSV hufa upesi. Sampuli ya kuotesha virusi ikae kwenye barafu, ipandwe siku hiyohiyo. Friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri huiharibu, na jibu hasi linalotoka hapo halifai kuaminiwa.

Utafiti wa Kilifi, Kenya, wa 2009 na 2010 ulionyesha kwamba mara nyingi kichanga huambukizwa nyumbani, na ndugu zake wanaosoma shule ndio huvileta virusi hivyo. Kwa hiyo mwaka ujao, kwenye kadi ya kliniki, tuandike pia idadi ya wanafunzi wanaoishi na mama.

Mwenyekiti