Mheshimiwa Waziri wa Maji, haya makapi ya Mwea yana kazi Ruai

Mheshimiwa Waziri, salamu kutoka Mwea. Mimi ni mtu wa kinu cha mchele, mambo ya maabara nawaachia wenyewe, lakini hili la kutumia makapi ya mpunga yaliyochomwa kuchuja maji taka ya Ruai nimelifuatilia na naona tunachelewa bure.

Kila kilo tano za mpunga tukikoboa, karibu kilo moja ni makapi. Mengine yanachukuliwa na wafuga kuku, mengine wachoma matofali, yanayobaki yanarundikwa nyuma ya kinu yanatiwa moto, basi hapo ni kufuka tu siku nyingi na watu wanakohoa. Sasa chukua koleo uchimbe hilo rundo. Juu ni jivu la kijivu halina maana, lakini ndani kule hewa haikufika utapata makapi meusi tititi na umbo lake bado liko. Hayo meusi ndiyo naongelea.

Maji taka mengi ya Nairobi yanaishia kwa yale mabwawa ya Ruai. Uchafu unatulia chini, jua linaua vijidudu, sawa, lakini dawa tunazomeza zikatoka na mkojo haziishi zote hapo. Watafiti walishapima Mto Nairobi wakakuta antibayotiki kama sulfamethoxazole, dawa za maumivu, hadi ARV kama nevirapine na lamivudine (na mgonjwa asije akaacha dawa kwa sababu ya barua yangu, ameze, kusafisha maji ni kazi ya serikali). Maji hayo yanaingia Athi, yanakuwa Galana, yanafika baharini pale Sabaki karibu na Malindi, na huko njiani watu wanamwagilia sukuma. Ni kiasi kidogo, hakuna mtu ataanguka leo, shida ni bakteria kuzoea antibayotiki kidogo kidogo mpaka siku moja mtoto anaugua na dawa haishiki.

Makapi yakichomwa kwa hewa kidogo, nyuzi 500 hivi, yanabaki makaa meusi yenye vitundu vidogo sana visivyoonekana, na molekuli nyingi za dawa zinanasa humo maji yakipita. Uswisi tangu 2016 sheria inataka mitambo mikubwa ipunguze kemikali za aina hii kwa 80%, na mingine huko inatumia makaa ya kuchujia hivihivi, ingawa yao ni ya kiwandani.

Sisemi ni muujiza. Makapi ya mpunga yana silika (madini kama ya mchanga) nyingi kwa hivyo makaa yake hayashindani na ya vifuu vya nazi au maganda ya makadamia, labda tuchanganye. Metformin ya wagonjwa wa sukari inapenda maji sana, haishikiki kirahisi. Halafu makaa yakijaa ni lazima yatolewe, na hapo ndipo naogopa, maana mtu atayauza kama mbolea! Yapelekwe kwa tanuri za saruji, zile zinapita nyuzi 1,400, dawa zinaisha kabisa.

Ninachoomba ni bwawa moja tu, la mwisho kabla ya mto. Mafundi wa jua kali watengeneze tanuri huku Mwea, chuo kikuu kipime dawa kabla na baada ya maji kupita kwa makaa, mvua na kiangazi, na majibu yabandikwe kwa ofisi ya chifu hapo Ruai hata kama ni mabaya.

Makapi yapo, leteni lori.